Mengineyo

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa katibu.
Usicheke. Hata wahuni wana katibu,
wana daftari la jalada gumu, wana faini
ya dola tano kwa anayechelewa kikaoni,
na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka.
Hati nilifunzwa na masista wa Yorkton, kwa rula na makofi.

Klabu yetu iliitwa Mbweha wa Ghala. Moose Jaw, Saskatchewan,
nchi iliyonyooshwa kama shuka la hospitali.
Mapafu yaliponishinda wakaniruhusu niondoke kwa wema:
nirudishe koti,
nipake wino mweusi juu ya mbweha wa begani,
nifunge mdomo.
Mdomo nimefunga.
Kuhusu mkono hawakusema kitu.

Kijana wa Toronto anayetaka kuchapa kitabu
hupiga simu kila Jumatatu. Anataka bunduki mapema,
kabla ya ukurasa wa kumi. Namwambia, ukurasa wa kumi
nazibua kabureta kwa sindano ya cherehani ya Marlys.
Ukurasa wa ishirini tunabishana juu ya paa linalovuja.
Miezi sita ya theluji pikipiki zimelala chini ya turubai
kama ng'ombe wagonjwa,
na wanaume kumi wanaojiita huru
wanagombania rimoti.

Huru. Neno hili nalifuta kila nikiliandika.
Tuliikimbia sheria ya serikali, tukatunga yetu,
ndefu zaidi, isiyo na rufaa.

Lakini Juni nayo niiandike, la sivyo
nitakuwa mwongo wa upande wa pili.
Barabara ya kusini, kuelekea Assiniboia,
mashamba ya kitani yamechanua buluu hadi macho yanachoka,
injini zote zikinguruma kwa pumzi moja,
na Darcy Fehr mbele yangu ameachia usukani,
mikono miwili juu, kama mtoto anayevuliwa shati.
Nilimpenda.
Hilo niliandika, sikulifuta.

Daftari la nane, Novemba kumi na nne.
Waliohudhuria: tisa. Aliyekosa kwa udhuru: mmoja, jela.
Yatokanayo: paa bado linavuja.
Mengineyo: nembo ya D. Fehr imerudishwa.

Imerudishwa!
Utadhani aliileta mwenyewe, imefuliwa, imekunjwa.
Walimlaza kifudifudi juu ya meza ya biliadi, koti mwilini.
Kosa lake, alitaka kuhamia Winnipeg aliko binti yake.
Orville alikata nyuzi moja moja.
Marlys ndiye aliyeishona nembo ile, kwa uzi wa mahema,
haukatiki upesi, na kisu kikapita ngozi ya ng'ombe
kikafika ngozi ya Darcy.
Hakulia. Aliomba radhi
kwa kuchafua kitambaa cha meza.

Mimi nilishika kalamu.
Mtu aliyeshika kalamu
haombwi ashike mguu.

Kisha akatoka na fulana, digrii ishirini chini ya sifuri,
mlango wa chuma ukajifunga nyuma yake,
nami nikaandika: kikao kilifungwa saa nne na robo usiku.
Mama yake bado ana duka la mbegu mtaa wa pili.
Hunipimia alizeti za ndege, huniongezea kidogo,
haniulizi.

Jana Marlys alisoma kurasa hizi, chai ikapoa.
Nilingoja alie, au anikataze.
Akasema, "Haukuwa uzi wa mahema.
Ulikuwa uzi wa kusafishia meno, ule wenye nta.
Kama unaandika, andika sawasawa."
Nikafuta. Nikaandika: uzi wa meno.

Ndipo mwanga ukaingia uani, ukatambaa ukutani.
Nikahesabu taa. Nne. Greda la theluji, basi.
Marlys akazima taa ya jikoni hata hivyo,
akaketi karibu yangu, akaniwekea kidole
mahali mstari ulipoishia,
nisije nikaandika juu ya maandishi.